Usiogope Maksi, Ogopa Kusahau

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi baada ya futari, na kuandikwa tena kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nizungumze na nyinyi mlioingia mwaka wa kwanza wa uuguzi, iwe ni diploma ya miaka mitatu pale KMTC ama digrii ya miaka minne chuo kikuu. Mimi nimewatangulia kwa miaka miwili tu, kwa hivyo sikuja kama mwalimu wenu. Nimekuja kama dada yenu ambaye njia hii ameipita juzi na bado anaikumbuka ilipo mashimo.

Kabla ya kuanza niliomba kila mmoja aandike swali lake kwenye kikaratasi bila jina. Nimevisoma vyote. Wako wanaouliza watasomaje wakiwa na saumu. Wako wanaouliza kama wabadilishe kozi. Mmoja ameandika kwamba anasoma mpaka saa nane za usiku, CAT ikirudi ana 48, na sasa anajiuliza kama uuguzi ni riziki yake kweli. Ukiviweka vikaratasi hivi pamoja, vyote vinauliza jambo moja: kwa nini nasoma sana na maksi hazionekani? Basi hilo ndilo nitakalolijibu, insha'Allah.

KWANZA, IJUE HIYO MAKSI INAYOKUTISHA

Wengi wetu tumetoka sekondari ambako mtu akipata 62 anaonekana amezembea. Tumezoea kwamba A ni 80 kwenda juu. Sasa umefika chuo, umepata 62 katika anatomia, na umelia usiku kucha. Dada yangu, umelia bure. Katika vyuo vikuu vyetu vingi A huanzia 70, B ni 60 hadi 69, na C ni 50 hadi 59. Hiyo 62 yako ni B. Umefaulu vizuri.

La pili, katika kozi za afya mstari wa kufaulu kwa kawaida ni 50. Rafiki yako anayesoma kozi nyingine huenda akapita na 40, wewe hupiti. Usione kwamba umeonewa. Yeye akikosea, karatasi yake inachafuka. Wewe ukikosea, kuna mtu kitandani.

La tatu, CAT si mtihani wote. Vyuo vingi huhesabu CAT kuwa 30 kwa mia, na mtihani wa mwisho 70. Vingine hupanga 40 kwa 60. Chukua ule mwongozo wa kozi uliopewa siku ya kwanza ukauweka chini ya godoro, uusome. Kisha piga hesabu. Tuseme CAT ni 30 kwa mia na wewe umepata 48 kwa mia kwenye CAT. Hapo unazo alama 14 na kitu mkononi. Ili ufike 50 unahitaji alama 36 hivi kati ya 70 za mtihani wa mwisho, yaani nusu na kidogo tu. Hofu uliyoipigia hesabu hupungua. Ile ambayo hujaihesabu hukua kila usiku.

Lakini nataka kusema ukweli pia. Kama unasoma mpaka saa nane za usiku na unapata 48, tatizo si akili yako wala si riziki yako. Mara nyingi tatizo ni namna unavyosoma.

CHUO CHA KWANZA NA CHUO CHA PILI

Huku kwetu pwani neno "chuo" lina maana mbili. Kuna chuo hiki cha kozi, na kuna chuo cha maalim tulikoanza tukiwa wadogo, tumebeba juzuu kifuani. Jambo la ajabu ni kwamba tukifika chuo cha pili tunasahau yote tuliyofundishwa chuo cha kwanza.

Ebu kumbuka. Kwa maalim, hukuweza kukaa na msahafu wazi, ukapitisha macho mara kumi, kisha ukasema, "Maalim, nimehifadhi." Ulifunga msahafu, ukakaa mbele yake, ukasoma kwa moyo. Ukikwama, alikurudisha palepale ulipokwama. Kesho yake, kabla ya somo jipya, ulirudia la jana. Mwisho wa wiki ulirudia ya wiki nzima. Hiyo ndiyo muraja'a. Hakuna hafidh aliyehifadhi bila ya hiyo.

Sasa tazama tunavyosoma fiziolojia. Tunafungua notisi, tunasoma, tunapaka rangi ya manjano kila mstari mpaka ukurasa mzima unakuwa manjano. Tunasoma tena. Kwa kuwa macho yameshayazoea maneno, moyo unatuambia tumeelewa. Kuyatambua maneno yakiwa mbele yako ni jambo moja. Kuyatoa kichwani wakati hayapo ni jambo jingine, na mtihani unauliza hilo la pili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena. Kundi jingine likafunga kifungu na kuandika lililoweza kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, kwa 81 dhidi ya 75 kwa mia. Lakini baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walikumbuka 42 kwa mia, na waliojitahini walikumbuka 56. Tazameni hapo. Anayesoma tena na tena huona amejua, kisha wiki ikipita elimu imemtoka. Maalim wetu hakusoma utafiti huo, lakini jambo lenyewe alilijua na bakora yake mkononi.

BASI TUSOME VIPI?

Nitataja mambo manne tu, mtu ayachukue ayafanyie kazi.

1. Karatasi tupu. Ukimaliza somo, funga daftari, chukua karatasi isiyo na kitu, andika na uchore unachokumbuka. Tuchukue moyo. Chora vyumba vinne. Damu iliyotoka mwilini inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini kulia, inapelekwa kwenye mapafu ikachukue oksijeni, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka cha chini kushoto, kisha inasukumwa kwenye aota iende mwili mzima. Sasa weka valvu zake nne bila kutazama. Ukikwama kwenye ya pili, alhamdulillahi, umejua pa kurudi. Fungua daftari hapo tu, kisha funga tena. Dakika ishirini za namna hii zina faida kuliko saa mbili za kupaka rangi.

2. Muraja'a kwa ratiba. Somo la leo lirudie usiku wa leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kila mara ni karatasi tupu, na kila mara utaona muda unapungua. Wanaongoja mpaka wiki ya mtihani wanakuwa na milima. Anayefanya muraja'a ana vichuguu tu.

3. Mizizi ya maneno. Wengi wanaogopa majina marefu ya tiba. Lakini sisi tuliosoma sarf tuna siri yake. Ukijua mzizi wa kaf, ta na ba, unaona kitabu, katibu na maktaba ni ndugu. Maneno ya tiba ni hivyohivyo, ila mizizi yake mingi ni ya Kigiriki na Kilatini. Ukiona "itisi" mwishoni, jua kuna uvimbe wa ndani wenye mwasho: hepataitisi ni wa ini, nefraitisi ni wa figo, gastraitisi ni wa tumbo, athraitisi ni wa maungo. Jifunze mizizi hamsini, utafungua maneno mamia.

4. Hesabu kila siku. Fanya hesabu moja ya dawa kila siku, hata siku ya Idi. Mtoto ana kilo 12, na parasetamoli yake ni miligramu 15 kwa kila kilo. 15 mara 12 ni 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Gawanya 180 kwa 120, zidisha kwa 5, jibu ni mililita 7.5. Kesho fanya ya dripu: lita moja iingie kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita. Matone 20,000 kwa dakika 480 ni kama 42 kwa dakika. Wanaofeli hesabu hizi si kwamba hawajui kugawanya. Hawajazoea. Na nukta ikihama mahali pamoja tu, 7.5 inakuwa 75, na parasetamoli ikizidi kiasi hicho inaharibu ini la mtoto wa watu.

KWA NINI KUSAHAU KUNATISHA KULIKO MAKSI

Hapa ndipo ninapotaka mnisikize vizuri, hasa nyinyi mnaosema, "Nataka nipite tu."

Mama ameleta mtoto wa miezi 18 zahanati, anakohoa. Wewe ndiye uliye pale. Umehesabu pumzi zake dakika nzima, umepata 44. Je, ni kawaida au si kawaida? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miezi 2 mpaka chini ya miezi 12 anapumua kwa kasi akifika pumzi 50 kwa dakika. Akishafika miezi 12 mpaka chini ya miaka 5, kasi inaanzia 40. Kwa hivyo mtoto huyu anapumua kwa kasi, na kwa kikohozi kile anahesabiwa kuwa na nimonia. Anahitaji dawa leo.

Sasa mchukulie muuguzi aliyesoma usiku wa kuamkia mtihani, akaandika 40 na 50, akapewa alama zake, akasahau ni ipi ya nani. Atasema, "44 haijafika 50, mama nenda nyumbani." Cheti chake kina B. Mama anakwenda nyumbani.

Ndiyo maana nasema usiogope maksi, ogopa kusahau. Maksi inakupima siku moja. Elimu yako itapimwa kila zamu, saa tisa za usiku, wakati hakuna wa kumuuliza. Na ukisoma ili usisahau, maksi zitakuja zenyewe nyuma yako.

Kwa sababu hiyo hiyo, tuachane kabisa na mwakenya. Najua watu wanaviandika, kwenye paja, kwenye kanzu, ndani ya buibui. Lahaula! Vazi la stara linafanywa mfuko wa wizi. Mwakenya ni udanganyifu, na kwa muuguzi ni udanganyifu juu ya roho za watu. Hutaingia wodini na kikaratasi kwenye mkono wa nguo. Na hata ukipita chuoni, mbele yako kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kupewa leseni. Heri 51 yako ya halali kuliko 80 ya kuiba.

RATIBA YA RAMADHANI

Wengi wanauliza kuhusu saumu. Huku kwetu karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 hivi, mwaka huu na kila mwaka. Inapangika.

Wakati bora ni baada ya alfajiri. Umekula daku, umekunywa maji, umeswali, kichwa kiko wazi na simu imenyamaza. Hapo soma lile gumu zaidi, saa moja au moja na nusu kabla ya kwenda darasani. Tatizo letu ni kwamba wakati huo ndio tunaorudi kulala kwa sababu tulikesha na simu.

Baada ya adhuhuri fanya mambo mepesi: hesabu moja ya dawa, mizizi mitano ya maneno. Baada ya alasiri mwili umechoka. Lala nusu saa, au msaidie mama jikoni huku ukijisomea kwa moyo hatua za kunawa mikono. Unakoroga unga wa kaimati na unajitahini, hakuna anayejua. Baada ya futari usijaze tumbo mpaka unashindwa kupumua tarawehe. Ukitoka msikitini, nusu saa ya karatasi tupu kwa somo la leo, kisha ulale. Usingizi ndio unaosaidia akili kushika uliyosoma. Anayekesha ili asome zaidi anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ukiwa zamu ya mafunzo hospitalini nawe umefunga, mweleze msimamizi wako mapema. Na ukiona kizunguzungu, keti, sema. Dini yetu ina ruhusa kwa mgonjwa, na muuguzi aliyezirai anakuwa mgonjwa wa pili wodini.

KAMA MAMBO YAMESHAHARIBIKA

Huenda unanisoma na tayari umepewa mtihani wa kurudia, ile tunayoiita sapu. Usijifungie chumbani. Fanya matatu.

Nenda kwa mwalimu wa somo na karatasi yako ya mtihani. Usiende kuomba alama. Muulize, "Hapa nilikosea nini?" Wengi wao watakujibu, kwa sababu wanaokwenda kuuliza ni wachache. Pili, tafuta mwenzako mmoja, mketi mara mbili kwa wiki, kila mtu amfundishe mwenzake daftari likiwa limefungwa. Kundi la watu kumi na tano kwenye WhatsApp linalotumiana notisi 200 ambazo hakuna anayezifungua si kundi la kusoma. Tatu, mwambie mzazi wako.

Hilo la tatu najua ndilo zito. Mama anauza mahamri na viazi karai, baba yuko baharini au kwenye boda, mkopo wa HELB haukutosha, na jamaa wamechanga. Unaona ukisema umefeli utawavunja moyo. Lakini mzazi anayejua mapema atakuombea dua na kukupa nafasi ya kusoma. Anayejua mwisho wa mwaka atauliza kwa nini ulimficha.

Nanyi wazazi wetu mnaosoma jarida hili majumbani, nina ombi kwenu. Mtoto akirudi na 55, msimuulize mtoto wa jirani amepata ngapi. Muulizeni, "Nifundishe ulichosoma leo." Akieleza kwa Kiswahili mpaka nyanya yake akafahamu figo zinafanya nini, basi huyo amesoma. Akishindwa, atajua mwenyewe pa kurudi. Na dada zetu walioko chuoni, wapunguzieni kidogo kazi za futari wiki ya mtihani. Kaka zao wana mikono pia.

HITIMISHO

Kazi hii si ngeni katika dini yetu. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake katika msikiti wa Madina, akiwatibu majeruhi. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume (S.A.W.) aliagiza apelekwe katika hema hilo. Fikirini jambo hili. Kiongozi mkubwa wa Madina amejeruhiwa, na anayeaminiwa kumuuguza ni mwanamke mwenye ujuzi. Hakupewa kazi ile kwa huruma peke yake. Inasimuliwa kuwa alijifunza utabibu kwa baba yake, na ujuzi wake ulikuwa umeshaonekana. Upole tunao wengi wetu, alhamdulillahi. Tuongeze na ujuzi unaokaa kichwani.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla ya kulala, usianze na mambo makubwa. Chukua somo moja ulilosomeshwa leo, funga daftari, chukua karatasi tupu. Andika unachokumbuka. Kikiwa kidogo usivunjike moyo, kesho baada ya alfajiri rudia. Endelea hivyo mpaka Idi, na mwezi huu utakuwa umekuachia desturi utakayotembea nayo mpaka siku ya leseni na baada yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, atufungulie fahamu zetu, aifanye elimu yetu kuwa yenye manufaa kwa waja wake, awape afya wagonjwa wetu na awalipe kheri wazazi wetu kwa jasho lao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.